Mwanangu, sio ule mkono

Mwanangu,

meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu, nimeona nikipiga simu tutalia tu halafu vocha iishe, bora nikuandikie. Umeniuliza, mama niambie ukweli, siku ile tunaenda shule kama nisingemwachia mkono mdogo wangu pale mtaroni asingevunjika paja, si angekuwa anatembea mpaka leo? Miaka 8 umekaa na hilo swali moyoni, tena uko huko Dodoma peke yako, we mtoto jamani!

Hapana. Ila nakujua, hapana tupu haikutoshi, kwa hiyo ngoja nianze mbali, mengine ulikuwa mdogo hukuyaona na mengine nilikuficha mimi.

Mdogo wako alianza kutembea ana mwaka na miezi 8, bibi yako akasema wa kiume ndo wanavochelewa. Kwenye miaka 3 vigimbi vimemjaa mpaka vijana wa bodaboda hapa Mbagala wanamtania huyu Yanga wamsajili mapema, na mimi nacheka na cherehani yangu pale barazani, kumbe ile sio nguvu, ni mafuta na makovu yamekaa mahali pa msuli. Kuinuka chini ndo ilikuwa kazi, anageuka anapiga magoti, anabinua matako, halafu anapanda mapaja yake mwenyewe kwa mikono kama mtu anakwea mnazi. Ulikuwa unamwigiza unakumbuka? Tulikuwa tunacheka wote, na yeye anacheka.

Hospitali ya kwanza walipima damu wakaona vipimo vya ini viko juu, tukatibiwa ini miezi na miezi, na hapo hata macho hayajawahi kuwa ya njano. Vile vitu kumbe hata msuli ukiharibika vinamwagika kwenye damu. Daktari mwingine ndo akaandika kipimo cha CK, kitu cha msuli kinachovuja kwenye damu msuli ukiharibika, ikaja elfu 14 wakati ya kawaida ni kwenye mia na kitu tu. Akasema ni Duchenne, tatizo la jeni. Bibi yako akasikia jini, wiki nzima anatafuta shehe wa kumsomea.

Alivonielezea yule daktari nikaelewa kifundi. Msuli una protini inaitwa distrofini, kazi yake kuushikilia usichanike ukijikunja, yeye jeni lake haliitengenezi. Ni kama nguo haijapigwa ovaloki, kila ukifua inachomoka nyuzi, huwezi kusema ni ufuaji wa Jumanne ndo umeiharibu.

Alivofika miaka 6 akawa anakimbia vizuri kidogo, nikasema dua zimejibiwa. Daktari akanambia mama, hapa mtoto anakua haraka kuliko ugonjwa unavokula, haitadumu. Na kweli, miaka 8 ngazi za kwa shangazi yako Kariakoo zikamshinda. Prednisoloni alikuwa anameza, uso ukavimba majirani wakasema namlisha chipsi, lakini ile dawa ndo ilimwongezea muda wa kutembea. Shida yake inalegeza mifupa, hata wangetuambia mapema sijui kama ningeiacha.

Sasa sikiliza hapa. Kila kliniki walikuwa wanamkalisha chini wanamwambia inuka, wanahesabu kwa saa ya simu. Sekunde 4. Mwaka uliofuata 7. Kliniki ya mwisho kabla hajaanguka, 12, na hapo kashika kiti. Daktari akaniita pembeni akanambia andaa kitimwendo, mwaka huu au ujao. Nikarudi nyumbani nikapika, sikusema kitu, wewe ulikuwa na mtihani wa kidato cha 2. Ningekwambia siku ile usingeteseka hivi, hilo kosa ni langu.

Kuanguka kulichangia, sikudanganyi. Mfupa ulikuwa mwepesi, akalazwa na plasta wiki 6 bila kusimamishwa, na mtoto wa ugonjwa huu akilala wiki 6 misuli ile hairudi. Lakini kilichoondoka pale ni miezi. Angalia tu kilichofuata, maana mikono haikuanguka mtaroni: akashindwa kunyanyua mkono kichwani, halafu kijiko hakifiki mdomoni mpaka kiwiko kiegemee kitu, mgongo ukapinda. Vidole bado anavyo, ndo hivo anavokesha kubishana Simba na Yanga kwenye magrupu. Siku hizi mimi naangalia moyo na pumzi, eko (ile picha ya moyo) kila mwaka, na akiamka kichwa kinamuuma asubuhi naripoti kliniki, manake usiku hapumui vya kutosha.

Na wewe kabla hamjapanga mtoto na mwenzio kapime jeni. Kama mimi ninalo basi kwako ni nusu kwa nusu, kama lilianzia kwa mdogo wako mwenyewe (inatokea) hatari kwako ni ndogo sana, ila kupima upime tu. Na mimi nitapima, na moyo wangu pia, wanasema mama mwenye jeni moyo nao huguswa.

Jana nikamuuliza mdogo wako kuhusu mtaro. Kacheka mpaka kakohoa. Anasema wewe hukumwachia, yeye ndo aliuchomoa mkono, kulikuwa na kasichana ka darasa la 5 kanapita ng'ambo na hakutaka kaone anashikwa na dada.

Mama yako