Wasiwasi wa Shetani: Wazo Likija Moyoni, Linakuwa Dhambi Lini?

SWALI: Assalaamu alaykum shekhe. Mimi ni mama wa nyumbani. Kila nikitawadha naona maji hayakuenea, narudia mara nne, mara tano, mpaka wakati unabana. Nikihirimia swala naona nia haikukaa. Na lililo zito zaidi, hunijia mawazo juu ya Mwenyezi Mungu ambayo siwezi hata kuyatamka, na mengine ni ya kutamani mali za watu. Naogopa nimeshakufuru. Je, huku ni kushawishiwa na shetani, ni nafsi yangu, au ni mtihani kutoka kwa Allah? Nifanye nini, na je, nilipe swala za nyuma?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Hujakufuru, dada yangu, na swala hulipi hata moja. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mwenye wasiwasi akicheleweshewa jibu hujipatia wasiwasi wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kushawishiwa kumetajwa katika Qur'ani kwa maneno zaidi ya moja, na kila neno lina mahali pake. Sisi tukisema "nina wasiwasi" huwa tunakusudia hofu au shaka. Katika Qur'ani waswasa ni kunong'ona. Waarabu walilitumia neno hilohilo kwa mlio hafifu wa mapambo ya mwanamke. Sura Taha aya ya 120 yasema shetani alimnong'oneza Adam. Sura Qaf aya ya 16 yasema Allah anajua yale ambayo nafsi ya mtu inamnong'oneza. Na Suratun-Nas inatufundisha kujikinga na mnong'onezaji wa kijini na wa kibinadamu. Wanong'onezaji basi ni watatu: shetani, nafsi yako mwenyewe, na mwenzio anayekwambia "chukua tu, nani atajua?"

Neno jingine ni fitna, na hapa Waswahili wengi huteleza, maana fitina kwetu ni kugombanisha watu. Mtu akisikia kwamba mali na watoto ni fitna (At-Taghabun, aya ya 15) hudhani amekatazwa kuwapenda wanawe. Asili yake ni kuitia dhahabu motoni ili takataka zijitenge. Mtihani wa namna hiyo watoka kwa Allah, pamoja na khofu, njaa na upungufu wa mali uliotajwa katika Al-Baqara aya ya 155, wala hauna maana kwamba Allah anakuita kwenye ovu. Anayeita kwenye ovu ni shetani, naye hana nguvu zaidi ya kuita. Atakiri mwenyewe Siku ya Kiyama, kama ilivyo katika Sura Ibrahim aya ya 22, kwamba hakuwa na mamlaka juu ya watu, aliwaita tu wakamwitikia, basi wajilaumu wenyewe.

Lako wewe ni waswasa. Utajuaje kama latoka kwa shetani au kwa nafsi? Wanazuoni wametaja alama: nafsi hung'ang'ania jambo moja inalolitaka, ukiifukuza leo kesho yarudi na lilelile. Shetani hachagui aina ya dhambi. Ukimshinda kwenye uchafu wa macho atakuja na kiburi, ukimshinda hapo atakuzidishia udhu mpaka swala ikupite, maana kwake hasara yako ni moja. Wengine huuliza mbona Ramadhani mashetani hufungwa, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, na bado watu wanaiba. Sehemu ya jibu ndiyo hiyo: nafsi haikufungwa. Lakini usipoteze muda kumtafuta mnong'onezaji ni nani. La faida zaidi ni kujua wazo limefika wapi.

Taqiyyuddin as-Subki, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, alizipanga hatua tano. Mchukue wakala wa pesa za simu, saa moja ya jioni, anahesabu noti za elfu kumi kumi. Mteja amesema ni laki moja, kumbe noti ziko kumi na moja. Wazo la "kaa kimya" limemwangukia moyoni: hiyo ni haajis, kitu kilichotupwa. Halikuondoka, likazunguka: ni khaatir. Akaanza kujadiliana nalo, akirudi nitamwambia nini, na elfu kumi hii si ndiyo umeme wa wiki: ni hadithun-nafsi, mazungumzo ya nafsi. Mpaka hapa hakuandikiwa kitu. Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba Allah ameusamehe umma wake yale ambayo nafsi zao zinayazungumza, madamu hawajayatenda wala kuyasema.

Hatua ya nne ni hamm, moyo umeanza kuelemea upande wa kuibakiza noti. Hapo bado hajaandikiwa ovu, na akimwita mteja kwa kumuogopa Allah huandikiwa jema moja kamili. Aliyeacha kwa sababu mteja alihesabu upya hana jema hilo. Ya tano ni azma: shauri limekatwa, anasubiri tu mteja avuke barabara. Hapa wahakiki wengi wanasema mtu huhesabiwa hata mteja akigeuka na kuidai noti yake. Hoja yao ni hadithi ya Waislamu wawili waliokutana kwa panga zao, muuaji na aliyeuawa wote motoni. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kosa la aliyeuawa, akajibu kuwa naye alikuwa na pupa ya kumuua mwenzake.

Utaona basi kwamba wazo kuangukia moyoni huna uwezo nalo, na hukuulizwa kwalo. Ulilo na uwezo nalo ni kulikaribisha na kupiga nalo soga. Mapambano ni mepesi hatua ya pili. Ukingoja ya nne umeshachelewa nusu.

Sasa yale mawazo juu ya Mwenyezi Mungu. Masahaba waliyapata kabla yako. Walimjia Mtume (s.a.w.) wakamwambia wanakuta nafsini mwao mambo ambayo mmoja wao huona ni makubwa mno kuyatamka. Akawauliza, "Mmeshayakuta hayo?" Wakasema ndiyo. Akasema, "Hiyo ndiyo imani ya wazi." Imepokewa na Muslim. Imani haikuwa lile wazo, imani ilikuwa ile karaha waliyoihisi. Mwizi hapotezi usiku kuvunja nyumba tupu. Na katika hadithi nyingine shetani humuuliza mtu nani kaumba hiki, nani kaumba kile, mpaka amfikishe kuuliza nani kamuumba Mola wake. Agizo lililokuja ni la mambo mawili: ajikinge kwa Allah, na aache. Watu hulishika la kwanza na kulisahau la pili. Wanasema "Audhu billahi" mara mia, kisha wanarudi kulichunguza wazo waone kama limeondoka. Kulichunguza ndiko kulilisha. Sema mara moja, kisha endelea na uliyokuwa ukifanya, hata kama ni kukuna nazi, na wazo likibaki pembeni liache libaki. Usijibizane nalo, usitamke shahada upya kila mara kama aliyeritadi, usimsimulie kila unayekutana naye.

Kwenye udhu, anza na kipimo. Anas (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, kiasi cha nusu lita mpaka robo tatu. Pishi ni mudi nne. Anayetawadha mferejini, maji yakitoka tu, hana mahali pa kusimama, na wasiwasi hupenda mahali pasipo na mwisho. Funga mfereji. Jaza kopo au birika la lita moja, ambayo tayari imezidi kipimo cha Mtume. Kila kiungo kinachooshwa, mara moja ndiyo faradhi, mara tatu ndiyo ukomo wa sunna. Hadithi ya Amr bin Shuaib, aliyoipokea Abu Daud na wengineo, yasema atakayezidisha hapo amekosea na amedhulumu. Kwa hiyo kuosha mara ya nne kwa ajili ya uhakika hakukuongezei tohara. Kunakutoa kwenye sunna. Maji yakiisha kwenye kopo, udhu umeisha.

Vipi kama kweli pamebaki pakavu? Ukipaona kwa macho, si kwa kudhani, pitisha maji hapo na kwenye viungo vilivyofuata ili kulinda tartibu, yaani mpangilio wa viungo. Ukishamaliza udhu na kuondoka, shaka inayokuja nyuma haina hukumu. Vivyo hivyo shaka ya upepo: Mtume (s.a.w.) amesema mtu asiiache swala yake mpaka asikie sauti au apate harufu. Na anayehisi tone baada ya kustanji, anyunyizie maji kidogo nguo yake ya ndani, kisha akihisi unyevu aseme ni yale maji. Mafaqihi, yaani wanazuoni wa sheria, wameitaja njia hii kwa ajili ya kukata wasiwasi hasa.

Nia ndiyo inayotusumbua zaidi sisi watu wa mwambao, kwa sababu madhehebu yetu ya Kishafi yanataka nia iende sambamba na takbira ya kuhirimia. Utamkuta mtu safuni, imamu ameshafika "waladh-dhaalliin", yeye bado "Allahu Akb... Allahu... Allahu Akb...", jirani zake wote wamepoteza khushui. Imamul-Haramayn na Ghazali, nao ni Mashafi, waliona kwamba unatosha ule usambamba unaojulikana kwa desturi ya watu, yaani mtu aonekane amehudhuria swala yake, na Nawawi akaipa nguvu kauli hiyo. Ghazali akaongeza kwamba mwanachuoni akiingia nawe ukasimama kumheshimu, husemi kwanza, "Nanuia kusimama wima kumheshimu fulani, sambamba na kuingia kwake." Ukisema hivyo watakuona una kasoro ya akili. Umesimama kwa sababu ulishamkusudia. Na wewe hukutoka jikoni, ukavaa kanga, ukatandika msala, ukaelekea kibla, kisha ukawa hujui unaswali nini. Sema "Allahu Akbar" mara moja, uingie. Ukishaingia usitoke.

Ndani ya swala, ukipata shaka ni rakaa tatu au nne, hukumu ya asili katika hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) ni kushika yakini, yaani tatu, kukamilisha, kisha kusujudu sijda mbili za kusahau kabla ya salamu. Hiyo ni ya mtu anayepatwa mara mojamoja. Ambaye shaka imekuwa mwenzi wake wa kila siku, madhehebu ya Maliki na ya Hanbali yamesema aipuuze. Na Ibn Hajar al-Haytami, ambaye vitabu vyake ni tegemeo la Mashafi wa kwetu, aliulizwa kama wasiwasi una dawa, akajibu kwamba dawa yake yenye manufaa ni kuupa mgongo moja kwa moja, hata kama nafsini umebaki mtatizo. Mwenye kuusikiliza, alisema, wasiwasi humzidi mpaka ukamfikisha kwenye hali ya wendawazimu.

Ukizidiwa katikati ya kisomo, iko dawa aliyopewa Uthman bin Abil-Aas (r.a.) alipolalamika kwamba shetani anamvuruga katika swala yake. Mtume (s.a.w.) alimtajia jina la shetani huyo, Khinzab, akamwambia ajikinge kwa Allah naye na ateme kushotoni mara tatu. Huko kutema ni pumzi yenye unyevu mdogo tu, kichwa kikigeuka kidogo. Hakuna haja ya kumlowesha aliye pembeni yako.

Kwa tamaa ya mali za watu dawa hubadilika kidogo. Wasiwasi wa ibada unaubeza ukiwa palepale, tamaa unaikimbia. Nabii Yusuf (a.s.) hakubaki chumbani kumpa mke wa mheshimiwa mawaidha marefu: Qur'ani yasema walishindana mbio kuelekea mlangoni, kanzu yake ikararuliwa kwa nyuma. Kama tamaa hukujia ukiangalia maharusi na majumba ya watu kwenye simu, simu ilale sebuleni. Kama hukujia kwa shoga fulani anayekuonyesha kila dhahabu aliyonunuliwa, punguza vikao. Hadithi ya Muslim imetuagiza kumtazama aliye chini yetu na si aliye juu yetu, ili tusizidharau neema za Allah.

Upo pia wasiwasi ambao ni maradhi. Kama kunawa na kurudia kunakula zaidi ya saa moja kwa siku, ngozi ya mikono inapasuka, au umeanza kuikwepa swala kwa kuogopa udhu wake, nenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa au ya kaunti. Kutibiwa hakupunguzi imani; Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya mawazo yanayomganda mtu akiyahesabu miongoni mwa maradhi ya nafsi. Ukisoma adhkari na kujisomea ruqya, yaani kisomo cha kujikinga, huku unatibiwa, ni vizuri. Anayekwambia una jini la kupungwa na anataka pesa kwanza, mpite.

Kuhusu swala za nyuma, kanuni ya mafaqihi ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Kwamba uliswali ni yakini. Kwamba zilikuwa na kasoro ni shaka. Kulipa swala za miaka kwa msingi huo ni kumpa Khinzab kazi mpya. Swala ya leo, ikiwa umetawadha kwa kopo moja na kuhirimia mara moja, usiirudie hata moyo ukikuambia haikusihi.

Wallahu aalam.