Mbwa Mkali Si Mlinzi: Nilivyomlea Doria

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Kaka, mbwa wangu kamng'ata kijana wa gesi. Mume wangu anataka auawe. Namfunga mnyororo kuanzia asubuhi mpaka usiku, ndiyo kwanza anazidi ukali. Nifanye nini?"

Kuhusu kijana nilimjibu palepale, maana hilo halingoji. Jeraha la mbwa huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo akaanze chanjo ya kichaa cha mbwa. Asipakwe pilipili, majivu wala dawa ya meno. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa binadamu, kupona ni kama hakuna. Na mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama, daktari wa mifugo apewe taarifa, na aangaliwe kwa siku 10. Kama alikuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata, ataugua au kufa ndani ya siku hizo, na jibu hilo linamsaidia sana daktari anayemtibu kijana. Wakati huohuo kijana asiache sindano zake.

Lile la mnyororo ndilo lililonifanya nikae chini niandike kwa kirefu. Wengi wetu tunafuga mbwa kwa sababu moja: tunataka kulala usingizi. Tunataka mwizi akiweka mkono ukutani asikie mngurumo. Hapo tuko pamoja. Tatizo ni kwamba tumeaminishwa kuwa mbwa mlinzi lazima awe mbwa mwenye chuki, na chuki hiyo tunaitengeneza kwa mnyororo, njaa na fimbo.

Mimi naishi Kigamboni. Doria wangu ni mbwa wa kienyeji, jike, rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na lingine limelala. Nilipoanza kumfundisha, watu walinicheka waziwazi. "Mbwa koko unamsomesha?" Leo wanaosema hivyo wanakuja kuniuliza nimefanyaje. Jumamosi iliyopita Bi Mkubwa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikaa uani kwetu akichambua mchele na mke wangu, na Doria kalala kwenye gunia lake hatua chache tu kutoka pale, hainuki. Anayemjua Bi Mkubwa ataelewa uzito wake. Ni mama wa swala tano, na mbwa akimgusa kwa pua yenye unyevu inambidi arudi nyumbani ajitoharishe na kubadili nguo. Zamani alikuwa hakanyagi kwetu. Salamu zilipita juu ya ukuta. Sasa anapiga hodi na kuingia. Najivunia jambo hilo kuliko hata siku Doria alipowatimua vijana waliokuja kuiba pampu ya kisima.

Kabla ya Doria nilikuwa na Simba. Nilimnunua kwa mtu anayeuza mbwa wa kizungu, bei ya kuuma, na nikapewa kadi ya chanjo iliyojazwa vizuri kabisa. Hazikupita siku nyingi akaanza kutapika, akakataa maji, kisha akaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Daktari alimtundikia dripu, tukakesha naye, akafia mikononi mwa mwanangu. Muuzaji akaacha kupokea simu zangu. Mpaka leo nikimwona barabarani na kikapu chake cha watoto wa mbwa, moyo unaniuma. Kwa hiyo sikiliza: kadi ya kweli huwa na kibandiko kilichobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, tarehe, sahihi na muhuri wa daktari. Tarehe iliyoandikwa kwa kalamu peke yake si chanjo. Mpigie huyo daktari kabla hujatoa hela. Mtoto wa mbwa huanza chanjo ya pavo akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa huanza akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari atakavyoandika kwenye kadi. Kwetu huwa kila mwaka. Na kama nyumbani kwako mbwa amekufa kwa pavo, usilete mtoto mwingine upesi. Virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi. Sakafu na vyombo oshea jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, baada ya kusugua uchafu wote kwanza.

Sasa gunia. Hili nalieleza taratibu kwa sababu ndilo kila mtu ananiuliza.

Nilitandika gunia la katani karibu na mlango wa nyuma. Mfukoni nilikuwa na dagaa wakavu, wadogo, waliokatwa vipande. Huhitaji biskuti za dukani. Mbwa akisikia harufu ya dagaa anakusikiliza vizuri tu. Nilidondosha kipande juu ya gunia, Doria akaenda kula. Miguu yote minne ilipokuwa juu ya gunia, nikasema "gunia" na kudondosha kingine. Basi. Siku za mwanzo ni hilo tu, dakika tano asubuhi na dakika tano jioni kabla ya chakula. Akishazoea, unasema neno kwanza, unasubiri aende mwenyewe, halafu ndipo unampa. Unapompa ni palepale, sekunde moja au mbili, usianze kupekua mfuko. Ukichelewa atakuwa ameshainuka, na wewe utakuwa umemlipa kwa kuinuka.

Kisha unarudi nyuma hatua moja. Akitulia, unarudi kwake na kumpa. Hatua mbili. Unageuka mgongo. Unaingia ndani na kutoka. Akiinuka usimpige wala usimfokee. Mrudishe na upunguze umbali. Wiki zilizofuata zilikuwa ni kurudia hayohayo, sina cha kusimulia. Baadaye nikamwambia mwanangu apige hodi getini, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, kisha na sauti ya mtu mgeni. Getini kukigongwa, Doria anabweka mara mbili tatu, na hilo nalitaka, halafu anakimbilia kwenye gunia kwa sababu pale ndipo dagaa hutokea. Hajafundishwa kuwapenda wageni. Amefundishwa mahali pa kuwa mgeni akifika.

Nyumba nzima ilitumia neno hilohilo. Ukisema "kaa", mke akasema "keti", dada wa kazi akasema "tulia", mbwa atakuwa anasikia kelele za watu. Na kamwe usimwite "njoo" ili umchape. Ukifanya hivyo, siku akichomoka kuelekea barabarani utaita mpaka sauti ikauke.

Turudi kwenye mnyororo. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia akiogopa, hivyo anabakiwa na meno tu. Watoto wanampitia mbali wakimrushia mawe, wageni anawaona kama maadui, na usiku ukimfungulia anatoka na hasira zote za mchana. Huyo hachagui mwizi na kijana wa gesi. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini hata kama isingekuwepo, ndugu zangu, kiumbe uliyemchukua mwenyewe akulinde unamwachaje juani bila maji? Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema. Mpe kivuli na maji yanayobadilishwa kila siku. Mtoe atembee asubuhi na mapema au jua likizama. Kabla hujamtembeza mchana kwenye lami, weka kiganja chako chini. Kama huwezi kukiacha hapo, nyayo zake nazo haziwezi. Mbwa aliyetembea akaona bodaboda, mbuzi, watoto wa shule na mama muuza maandazi hashtuki ovyo. Bora ayaone hayo angali mdogo, kabla ya miezi mitatu minne kupita, umembeba mikononi kama chanjo hazijakamilika.

Chakula chetu ni dona na dagaa, au dona na utumbo uliochemshwa, mboga kidogo, bila chumvi. Mabaki ya pilau sitoi, kwa sababu vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa sitoi, inapasuka vipande vyenye ncha. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu.

Kupe ni kazi ya kila jioni. Napitisha vidole ndani ya masikio, kati ya vidole vya miguu, chini ya mkia na chini ya mkanda wa shingoni, pale ambapo watu hawatazami. Wakati huohuo namfunua mdomo. Fizi zenye rangi ya waridi ni nzuri. Zikipauka, au mbwa akitoka damu puani, akikataa chakula na mwili ukawa wa moto, usisubiri kesho, huenda kupe wamemwachia ugonjwa wa damu. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe usiikadirie kwa macho. Nimeshaona mbwa wa watu akitetemeka mpaka kufa kwa sababu mtu alimimina kifuniko kizima. Soma kipimo, au muulize mtaalamu wa duka la dawa za mifugo, na mbwa asijilambe kabla hajakauka.

Tangu habari za Doria zienee mtaani, watu wananitaka nimzalishe, wengine wameleta hela kabisa mkononi. Jibu langu ni hapana. Nilimhasi mapema, hazurulishwi na madume na hana hatari ya kizazi kujaa usaha, ugonjwa unaoua majike wengi wasiohasiwa. Kila mwezi naona watoto wa mbwa wametupwa jalalani karibu na soko, wana akili ileile aliyokuwa nayo Doria. Ukitaka mbwa kama wangu, chukua mmoja wa hao, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hiyohiyo, na upite sokoni ununue dagaa wa shilingi elfu moja.