Maswali ya Wasomaji: Kiluwiluwi wa mwanangu alitoa mikono halafu akafa, nimekosea wapi?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni. Mwanangu wa kiume ana miaka 8, mvua za masika zilipoanza akanijia na chupa ya soda ya lita mbili imejaa maji ya dimbwi la nyuma ya nyumba, ndani viluwiluwi kama 30 hivi. Nikamwambia kamwage, akalia mpaka nikamhurumia. Tukawatia kwenye jagi na maji ya mfereji, asubuhi wote wamelala chini wamekufa. Akaenda akaleta wengine, safari hii tukawaacha na maji yao ya dimbwi kwenye beseni, wakakaa vizuri wiki tano nzima, miguu ya nyuma ikatoka, yaani hata baba yao akirudi kazini anapitia kwa beseni kwanza ndio aingie ndani. Sasa Jumamosi mmoja akatoa mikono, mtoto kwa furaha akawatilia yai zima la kuchemsha ati wapate nguvu, Jumapili tukamkuta anaelea amekufa na mkia wake bado anao. Jana wawili tena. Wamebaki 14, wote wana miguu ya nyuma. Na jirani naye kila siku ananiambia nafuga mbu, nitawaletea watu chikungunya. Nimekosea wapi, na hawa waliobaki nawaokoa vipi?
Mama Wawili, Kisauni

Marahaba mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma nenda kwanza kwa hilo beseni, tia kipande cha tofali chini ya upande mmoja liiname, kisha umwage maji polepole mpaka upande wa chini yabaki kina cha vidole vinne na upande wa juu uwe mkavu kabisa. Toa kila kipande cha yai unachokiona. Ukimaliza rudi tuzungumze.

Huyo wa kwanza, mwanangu, nadhani alizama. Najua inasikika ajabu, chura kuzama kwa maji, lakini ndivyo wengi wao wanavyofia majumbani na ni wiki hiyo hiyo ya mikono. Kiluwiluwi anapumua kwa mashavu kama samaki, na huku ndani mapafu yanajengwa kidogo kidogo, sasa mikono ikishatoka mambo yanageuka haraka sana, mashavu yanakauka na inabidi avute hewa ya juu kama mimi na wewe, na wakati huo huo mkia aliokuwa akiogelea nao unaanza kufupika. Kwa hivyo hebu mfikirie, yuko kwenye beseni la plastiki lenye kuta laini, maji yamejaa, hakuna pa kushika, anapiga mikono mpaka anachoka. Beseni lilikuwa zuri kwake wiki tano zote, ile siku ya mikono likawa kisima.

Na lile yai lilifungua shimo la pili. Kiluwiluwi akitoa mikono huwa hali chochote. Ule mdomo mdogo wa kukwangua majani unavunjwa unajengwa mwingine mpana wa kumeza wadudu, na utumbo wake uliokuwa mrefu umejikunja kama uzi kwenye gurudumu (mgeuze kwa upole kwenye glasi utauona kwa tumbo) unafupishwa, yote hayo kwa siku chache, na chakula chake siku hizo ni mkia wake mwenyewe, mwili unaunyonya. Sasa yai likabaki kwa maji, likaoza, na kitu kinachooza kinamaliza hewa iliyomo majini, hata hao wengine ambao hawajatoa mikono wakabanwa. Usimwambie mtoto kwamba yeye ndiye aliyeua. Mwambie alimlisha mtu aliyefunga.

Ukitaka kujua nani yuko karibu, waangalie jioni maji yakiwa yametulia. Nyuma ya kichwa, pande zote mbili, utaona ngozi imetuna kidogo kama kuna kiwiko kinasukuma kwa ndani, na kweli ni kiwiko. Mara nyingi mkono mmoja hutangulia, mwingine ukafuata baadaye, kwa hivyo ukimwona na mkono mmoja usishtuke ukadhani ni kilema. Ukishaona hivyo mhamishe kwa kontena yake, maji kidogo tu, na umpe pa kupanda. Mimi natumia kumbi la nazi. Liloweke siku mbili tatu kwanza ukimwaga yale maji ya kahawia, kisha ulilaze nusu majini nusu nje, zile nyuzi zake ndizo zinazompa pa kushika, jiwe laini anateleza. Kifuu kilichofunikwa pia kinafaa, huwa nakivunja pembeni kidogo kiwe na mlango akajifiche ndani. Halafu funika juu kwa kipande cha chandarua ufunge na mpira, manake vyura wengine wadogo wanapanda ukuta wa plastiki kama mjusi, na tena kuna kunguru, hao wa Mombasa wakishajua kuna kitu hapo barazani kwako watakuja kila siku mpaka wamalize.

Sasa wale wa kwanza waliokufa usiku mmoja. Hiyo karibu hakika ni klorini. Maji ya mfereji yametiwa dawa yasitudhuru sisi, lakini kiluwiluwi ngozi yake na mashavu yake hayana kinga, yanaunguzwa. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima na usiku wake, ndio utumie. Maji ya mvua ndiyo bora kabisa ukikinga baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza. Ya kisima hapa kwetu jihadhari nayo, yaonje kwanza. Mimi mwenyewe nlipokuwa msichana niliua beseni zima kwa maji ya kisima cha nyumbani kwetu Mji wa Kale, maji ya chumvi chumvi yale ambayo hata sabuni haitoi povu, nikadhani maji ni maji. Walianza kujipinda pale pale nikiwatazama, sijasahau mpaka leo. Hata ya mkokoteni muulize anayeuza ameyateka wapi.

Na usibadilishe maji yote kwa mara moja. Kila siku mbili tatu teka theluthi hivi, utie mapya yaliyokaa. Beseni liwe na kivuli, jua la saa sita la hapa kwetu likipiga beseni dogo maji yanakuwa moto na maji ya moto hayabebi hewa ya kutosha. Beseni la kufulia lenye mabaki ya sabuni usitumie, na mtoto aliyepakwa dawa ya mbu asitie mkono, ngozi ya hawa viumbe inanyonya kila kitu.

Chakula cha wale ambao bado hawajatoa mikono ni mchicha au sukuma wiki, chemsha mpaka ilegee kabisa, jani moja, kesho asubuhi likibaki toa. Yai si kosa lenyewe, ila ni punje ya kiini ukubwa wa kichwa cha kiberiti mara moja kwa wiki, si yai zima. Mkate usiwape. Ule utelezi wa kijani unaoota kwa kuta za beseni usiusugue, hicho ndicho chakula walichozaliwa nacho.

Kuhusu jirani, najua unataka nikwambie kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini hapana, jirani ana haki ya kuuliza. Sote tunakumbuka chikungunya ya mwisho wa 2017 kuingia 2018, watu walishindwa hata kushika kikombe kwa maumivu ya viungo, na mbu wake anataga kwa maji yetu hapa nyumbani, ndoo, mtungi, tairi, na beseni lako pia likiwa wazi. Shida nyingine ni jina, sisi twaita viluwiluwi vya chura na vya mbu vile vile viluwiluwi, ingawa wa chura ana jina lake, ndubwi. Mwite jirani umwonyeshe. Wa mbu ni mwembamba, ananing'inia chini ya uso wa maji kichwa chini mkia juu, ukipitisha kivuli cha mkono anajikunja kunja anakimbilia chini. Ndubwi ana kichwa cha mviringo na mkia bapa kama wa samaki, na muda mwingi yuko ubavuni mwa beseni anakwangua. Ukiona wale wa kunjakunja wachote kwa kichungio cha chai cha zamani, uwamwage mchangani, usiseme ati ndubwi watawala, wengi wao kazi yao ni majani. Kile chandarua cha kunguru ndicho kitakachomzuia na mbu kutaga, basi kifunge vizuri pande zote na umwambie jirani aje akague siku yoyote atakayo.

Ah, na ukiongeza maji ya dimbwi yapitishe kwenye kitambaa. Buu wa kereng'ende anaishi humo, ana taya analirusha mbele kama ndoano, mmoja tu anaweza kukupunguzia ndubwi kila usiku ukabaki kujiuliza wanakwenda wapi.

Mkia ukishakwisha, warudishe. Chura mdogo hali mchicha tena, anataka mdudu hai tena mdogo sana, wale vijidudu wa maembe yaliyoiva sana, na wa kulisha 14 utachoka. Na pia kisheria mnyama wa porini kumfuga moja kwa moja kunahitaji kibali cha KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, iko kwenye sheria ya wanyamapori ya 2013. Mpeleke mwanao jioni kukiwa na unyevu, pale pale kwa dimbwi lenu, si kwengine hata kama kwengine ni kuzuri zaidi, kuna ugonjwa wa ukungu wa ngozi ambao umeua vyura wengi sana duniani na watu wanausambaza kwa kuhamisha vyura na maji.

Shangazi, mimi ni mwalimu wa darasa la tatu Changamwe. Wazazi wawili wamekataa watoto wao waguse vyura wa darasani, wanasema wataota chunjua. Ni kweli?
Mwalimu

Si kweli, mwalimu wangu. Chunjua ni virusi, vinatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Vile vinundu vya mgongo wa chura ni tezi. Ila wazazi hawajakosea wote, tezi hizo zina sumu ambayo ikiingia jichoni au mdomoni inachoma kweli kweli, kwa hivyo sheria ya darasa iwe kutazama kwa macho, na akigusa basi mikono inaoshwa kwa sabuni kabla hajajigusa uso. Na mkono ulowe maji safi kwanza ndio umguse, mkono mkavu unamchubua.

Shikamoo Shangazi. Hapa kwetu Likoni tenki la maji liko chini ya mwembe, juzi baada ya mvua tumeona povu jeupe limeganda kwenye tawi, kubwa kama ngumi mbili. Nyanya anasema ni mate ya nyoka, niyakate nichome. Nifanyeje?
Kijana wa Likoni

Marahaba, na umbusu nyanya mkono kisha umwambie aweke panga chini. Hao ni watoto wa chura-mti. Usiku wa mvua jike hupanda tawini, akatoa ute na kuupiga kwa miguu ya nyuma kama mtu anayepiga mayai ya keki, na madume wamemshikilia hapo wanapiga pamoja naye, mpaka unakuwa povu na mayai yamo ndani. Kesho yake nje kunakauka kunakuwa gamba, ndani kumebaki na umajimaji, jua haliwafikii. Huenda hata mama yao umeshamwona, ni yule chura wa kijivu anayekaa kwa jua kali mchana akageuka mweupe kama chokaa.

Shida yako ni tenki. Chura alichagua tawi hilo kwa kudhani chini kuna maji, na mfuniko wa tenki umefungwa, na ufungwe hivyo hivyo kwa sababu ya mbu. Watoto wakidondoka watakaangika juu ya plastiki. Kwa hivyo weka beseni pana juu ya huo mfuniko, sawasawa chini ya povu, maji ya mvua kina cha shubiri moja na majani makavu machache ya mwembe ndani. Povu lenyewe usiliguse wala usilimwagie maji. Kwa kawaida ni siku tano, sita, saa ingine wiki, povu linalegea upande wa chini linaanza kuning'inia. Ukiona hivyo mwite nyanya mkae hapo chini ya mwembe, mtasikia matone kwa beseni na mvua hakuna.