Albamu ya pili ya taarab ipangwe kama majibu

Swali lilikuwa hili: sahani (santuri) ya Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Zanzibar, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya GlobeStyle ya London mwaka 1988 ingekuwa na ya pili yake, mngeipanga vipi? Wengi mmetaja waimbaji. Mimi naona tuanze na mashairi, kwani taarab yetu ina njia yake ya kuendeleza wimbo, nayo ni kuujibu kwa wimbo mwingine.

Sikilizeni sahani ya kwanza, mchague nyimbo tatu au nne zenye fumbo lililoachwa wazi. Zilizokwisha kusema yote ziacheni. Jibu lishike mizani na vina vya wimbo unaojibiwa. Tuseme wa kwanza una mshororo huu, nimeutunga hapa kwa mfano tu: "Ua langu la thamani, nani amelichukua". Jibu lije hivi: "Lipo kwangu mkononi, lilifika likijua". Mizani nane kwa nane, na vina ni vile vile. Mtunzi akibadili vina, msikilizaji hajui anajibiwa nani, na mmebaki na wimbo mpya usio na udugu na ule wa mwanzo. Kosa jingine, baya zaidi, ni kulifumbua fumbo. Jibu nalo liwe fumbo.

Kinachobadilika ni maqam, yaani mpangilio wa noti ambao wimbo unajengwa juu yake; hijazi na bayati ni maqam mbili. Wimbo wa hijazi unaoanzia re ujibiwe kwa bayati ya re hiyo hiyo. Mwanzo wa sauti haujahama, kwa hiyo mpiga ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, anageuza vishikizo (vijiti vya kupandisha na kushusha noti) vya noti chache tu badala ya kukaza upya nyuzi sabini na kitu. Tatizo lipo kwenye akodiani: noti ya pili ya bayati imekaa katikati ya mi na mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu hatua), na akodiani ya kawaida haina sauti hiyo. Ikilazimishwa, itagombana na fidla mpaka mwisho wa wimbo. Mpangieni mpiga akodiani aikwepe noti hiyo, au anyamaze kwenye beti na arudi kwenye kiitikio. Hijazi haina shida hii, akodiani inaipiga vizuri kabisa.

Kama mnataka itoke kwenye santuri, hesabuni dakika 20 hivi kila upande. Mkizidisha sana, mifuo (michirizi inayopitiwa na sindano) inabanana na sauti inapungua. Hapo zinaenea nyimbo mbili za dakika nane au tisa na bashrafu (muziki wa ala tupu) fupi ya kufungulia. Mifuo ya karibu na katikati hupoteza sauti nyembamba, kwa hiyo msiweke huko taksimu (upigaji wa peke yake wa kubuni papo hapo) ya nai, yaani filimbi, wala kiitikio cha wanawake. Mwisho wa upande mpeni mpiga udi, ala ya nyuzi yenye sauti nene.

Kurekodi, ikiwezekana, msubiri kiangazi. Daraja la ganuni linakalia ngozi, na ngozi ikinyonya unyevu wa masika inalegea, daraja linadidimia na nyuzi zote zinashuka. Kiyoyozi kikizimwa ghafla kwa ajili ya kelele, mambo ni hayo hayo. Kizimeni mapema, chumba kitulie kama saa nzima, ndipo mkaze nyuzi. Na kila wimbo na jibu lake virekodiwe siku moja, kwa mpangilio ule ule wa maikrofoni, la sivyo mkivisikiliza pamoja vitakuwa kama vimetoka vyumba viwili.