Safu ya wasomaji: Walezi wa koleji ni kina nani, na ukikwama umwendee yupi?

Msimu wa safari za masomo umefika, barua zenu nyingi mwezi huu ni za chuo. Nimechagua hizi kwa sababu zinagusa ishu moja ambayo vijana wetu wengi inawaponza: wanafika kwenye vyuo ambavyo watu wamewekwa kabisa kwa ajili ya kuwalea, halafu wanawakimbia.

*Dada, binti yangu amepata skolashipu ya Yale kule Marekani, anaondoka Agosti. Kwenye karatasi zake wameandika amepangiwa koleji, na kwamba ana Mkuu wa Koleji, ana Dean, ana kaunsela, tena kuna mafelo. Mimi nimesoma bweni, nimezoea matroni na patroni basi. Hawa wote wana kazi gani? Akiumwa usiku anamgongea nani? Na mimi naruhusiwa kumpigia huyo Dean kujua maendeleo yake? – Mama Binti, Tanga*

Shikamoo mama, na hongera sana. Koleji za Yale si kitivo, yaani hapangiwi kutokana na anachosoma. Wanafunzi wote wa digrii ya kwanza wanagawanywa kwenye koleji 14, binti anapewa yake kabla hata hajapanda ndege na kwa kawaida anabaki nayo mpaka anahitimu, humo anakutana na wa fizikia, wa historia, wa muziki, wote wanakula ukumbi mmoja. Za mwanzo zilifunguliwa 1933 kwa pesa za tajiri mmoja anaitwa Edward Harkness, ndiye huyo huyo aliyelipia nyumba za wanafunzi kule Harvard, sababu vyuo vilikuwa vimekua vikubwa mpaka watu hawajuani. Mbili za mwisho zimefunguliwa 2017.

Mkuu wa Koleji ni mwalimu wa chuo anayehamia pale na familia yake, ndiye mwenye nyumba kwa maana halisi, anakaribisha watu chai, analeta wageni wa kuongea na wanafunzi, anaangalia jumuiya inakaaje. Dean naye anakaa humo humo ila yeye yuko zaidi upande wa masomo: kozi zimemzidi, anataka kubadilisha fani, ameumwa wiki nzima na kazi ya kukabidhi iko Ijumaa, anaenda kwa Dean. Hapa nataka binti anielewe vizuri. Msiba ukitokea nyumbani katikati ya muhula, asijifungie chumbani kulia halafu aje afeli bila mtu kujua kwa nini. Aende kwa Dean siku hiyo hiyo, na aeleze aliyefariki alikuwa nani kwake, kwa sababu wenzetu wakisikia ni mdogo wake mama wanaweza kudhani ni ndugu wa mbali, kumbe ndiye aliyemlea tangu darasa la kwanza na ndiye aliyeuza vitenge ili binti apate nauli. Aseme hivyo hivyo. Dean ana uwezo wa kumpa muda zaidi kwa kazi zake ila hawezi kukisia.

Kaunsela ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, anakaa jirani na wale wa mwaka wa kwanza. Usiku akiumwa huyo ndiye wa kugongewa mlango kwanza, atampeleka huduma ya afya ya chuo au atamuita mkubwa aliye zamu, na ikiwa hali ni mbaya kabisa apige 911, namba ya dharura ya Marekani, moja kwa moja asisubiri mtu.

Mafelo ni maprofesa na watu wengine wa kazi mbalimbali waliounganishwa na koleji, wengi hawalali pale, wanakuja kula na kukaa na wanafunzi. Hawa ndio wanaosahaulika kuliko wote. Kijana wetu anamuona mzee wa watu amekaa na sahani yake peke yake anaogopa kumsogelea, anaona ataonekana anajipendekeza, wakati yule mzee amekuja pale ili asogelewe! Mwambie binti akae hapo aulize tu, samahani, wewe unafanya utafiti wa nini? Mazungumzo ya chakula cha mchana ndiyo yanayozaa kazi za likizo na barua za mapendekezo baadaye.

Kuhusu kumpigia Dean, mama yangu, jiandae. Marekani kuna sheria ya tangu 1974 inayosema rekodi za mwanafunzi wa chuo ni zake mwenyewe, hata kama ada unalipa wewe. Dean hatakusomea matokeo yake bila ruhusa ya binti na usione ni dharau. Lakini sheria haimkatazi Dean kukusikiliza. Ukiona sauti ya mwanao imebadilika, hapokei simu, unaandika kwa Dean unasema nina wasiwasi kwa sababu hii na hii, naomba mumuangalie. Watamuangalia. Na kabla hajaondoka kaeni wawili mkubaliane ni mambo gani atakueleza mwenyewe, hiyo itakusaidia kuliko kupiga simu ofisini.

*Niko Cambridge, mwaka wa kwanza, muhula wa pili. Esei mbili sijapeleka na ya tatu inakuja. Tyuta wangu ni mtu wa biolojia, mimi nasoma uchumi, sasa atanisaidia nini? Aliniita chai mara moja tukaishia kuongelea hali ya hewa. Naogopa wakijua nimekwama watanifutia skolashipu. – Kijana wa Mwanza*

Mdogo wangu, huyo tyuta kuwa wa biolojia si bahati mbaya, wamefanya makusudi. Kule wamegawanya kazi. Anayekufundisha esei kwa esei ni supavaiza. Anayesimamia uchumi wako wote ndani ya koleji ni mkurugenzi wa masomo. Halafu tyuta yeye hakusahihishi chochote, kazi yake ni wewe kama mtu: afya, pesa, usingizi, nyumbani. Kwa kuwa hakupi maksi unaweza hata kumwambia kwamba supavaiza wako anakutisha na hakuna kitakachoharibika. Koleji zote 31 zina utaratibu wa namna hiyo.

Ila ninachokusisitizia ni muda. Muhula wenu wa masomo una wiki nane tu. Esei mbili ndani ya wiki nane ni deni kubwa, na deni la namna hii linazaa lingine maana ukikaa kuandika ya zamani mpya inakupita, ukiandika mpya ya zamani inakunyima usingizi. Usisubiri mwisho wa muhula. Andika leo, tena usiandike insha ya kujieleza, andika hivi: "Habari Daktari, mimi ni mwanafunzi wako wa uchumi mwaka wa kwanza. Nimechelewa esei mbili na silali vizuri. Naomba dakika ishirini wiki hii." Basi, tuma. Usianze na samahani kumi, usiandike kwamba kila kitu kiko sawa ila kuna jambo dogo, kwa sababu wao wanasoma maneno kama yalivyo, ukisema dogo wataliweka la wiki ijayo. Sisi tumelelewa kuuliza hali ya nyumbani kwanza, ng'ombe, mvua, halafu shida inakuja mwishoni kwa sauti ya chini, na ndivyo chai yako ilivyoishia kwenye hali ya hewa. Mwalimu yule alikuwa anasubiri uanze na wewe ulikuwa unasubiri akuulize.

Ukifika kwake anaweza kuongea na mkurugenzi wako wa masomo mpange zipi uandike na zipi uachane nazo, anaweza kukuelekeza kwa nesi wa koleji au washauri wa chuo, na ukiwa umepungukiwa koleji nyingi zina mfuko mdogo wa dharura ambao njia yake inapita kwa tyuta. Kuhusu skolashipu, kasome mkataba wako mwenyewe kisha umuulize tyuta akusaidie kuusoma. Wafadhili wanasikiliza zaidi tatizo lililoletwa mapema likiwa na barua ya koleji nyuma yake, kuliko matokeo mabovu yanayowafikia bila maelezo.

Na usiku ukizidiwa pale getini kuna watu wa zamu saa 24, wanawajua wote wanaotakiwa kupigiwa. Washukie.

*Mimi ni Mkenya, nimechaguliwa kaunsela wa wanafunzi kwenye koleji moja Marekani. Msichana wa mwaka wa kwanza, wa huku kwetu, ameniambia usiku analia na kwamba afadhali asingekuwepo. Amenisihi nisimwambie mtu, wazazi wakisikia watasema amerukwa na akili. Nimemuahidi. Nifanye nini? – Dada wa ghorofa ya pili*

Dada, hiyo siri usiiweke. Ukimaliza kusoma hapa nenda kwake, muulize wazi bila kuzunguka kama anawaza kujiua, kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunamfungulia mlango aseme. Halafu mwambie: nilikuahidi kunyamaza lakini maisha yako ni makubwa kuliko ahadi yangu, twende wote kwa Dean sasa hivi, nitakaa na wewe. Kama amesema ana mpango au ana kitu cha kujidhuru usimuache peke yake hata dakika, piga 911, au 988 ambayo tangu 2022 ndiyo namba ya Marekani nzima kwa mtu aliye kwenye hali hiyo. Wazazi ni habari ya baadaye. Dean akiwa na busara atamsikiliza binti kwanza nyumbani waambiwe nini, na wewe unayeijua hofu yake unaweza kumueleza Dean inatoka wapi.

Siku zijazo weka mpaka kabla mtu hajaanza kuongea. Vyuo vingi kule vinamtaka kaunsela mwanafunzi aripoti akisikia habari ya kushambuliwa kingono, na hatari ya mtu kujidhuru inaripotiwa kila mahali, kwa hiyo unamwambia mapema: nitakusikiliza, lakini kuna mambo nikiyasikia lazima nimwambie mkubwa. Anayetaka siri kamili mpeleke kwa washauri wa kitaalamu wa chuo au kiongozi wa dini wa pale, wao kwa kawaida wana ulinzi huo. Na ukishamkabidhi, lala. Wewe ni dada yake wa ghorofa, hujawa daktari wake.

*Haya ya Yale na Cambridge ni mazuri, sisi wa Mlimani tunaobebana kitanda kimoja mnatuambia nini? – Hall 2, Dar es Salaam*

Nakuelewa kabisa. Chuo chenu kilianza 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na mabweni yetu ya Afrika Mashariki, ya Makerere yakiwemo, yalikuja na mtu anaitwa warden ambaye alitakiwa awe mlezi. Wanafunzi wakaongezeka, mlezi akabaki na funguo, vitanda na mabomba yaliyopasuka. Simlaumu, watu mia kadhaa kwa mtu mmoja huwezi kuwajua.

Lakini katika yote niliyoandika juu, kitu kinachomsaidia mwanafunzi si jengo la mawe wala chai, ni kwamba kuna mtu mzima mmoja anajua jina lake na amemtengea muda. Hicho hakihitaji pesa za Harkness. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ipo, iingieni kabla ya barua ya disko, yaani ya kuondolewa chuo kwa kufeli. Mchague mwalimu mmoja ambaye somo lake unalipenda, nenda saa zake za ofisi mara mbili kwa muhula ukiwa huna shida yoyote, ili siku ukiwa nayo uwe unafahamika. Na serikali yenu ya wanafunzi mnaweza kuidai jambo dogo kabisa, kila bweni orodha ya mwaka wa kwanza igawanywe, kila watano wapewe mtu wa mwaka wa tatu mwenye namba ya simu inayopokelewa, na jina lake libandikwe mlangoni wiki ile ya kuripoti.