Tanuru la gesi la vyuma vya kulehemia: moto ufuate mwendo wa mkono wako

Ukisema kulehemu siku hizi watu wengi wanawaza kile kidude cha umeme cha kutengenezea redio na simu, na kwa kazi hiyo kiko sawa kabisa, ila njoo kwenye mabati, mifereji ya mvua, ndoo, faneli kubwa, maungio yenye urefu wa mita nzima, hapo hakikupeleki popote. Bati linanyonya joto lote, unabaki unasugua tu na lehemu, yaani ile metali laini inayoyeyushwa kuunganisha, inashika juujuu. Ndo maana sisi wa kazi za bati bado tunashika vile vyuma vizito vya kulehemia, yaani donge la shaba nyekundu limechongwa ncha, limeshikizwa kwenye ufito wa chuma wenye mpini wa mbao. Hakina waya wala swichi, unakipasha motoni alafu unaenda nacho kwenye kazi.

Na wanaoanza kazi hii wanahangaika sana na mkono, mara wanashika hivi mara vile, wakati nikiangalia naona shida iko kwenye tanuru. Moto ukikaa vibaya hakuna mkono utakaokuokoa.

Kwanza uelewe lile donge linafanya nini. Chukua chuma chenye shaba ya gramu 500, kikipoa kutoka nyuzi 400 hadi 250 za Selsiasi kinaachia joto la kama kilojuli 29. Kidude cha umeme cha wati 60 kingehitaji kama dakika 8 kutengeneza joto hilo hilo, wewe unalimwaga kwenye bati kwa muda mfupi sana kwa sababu shaba inapitisha joto karibu mara 5 ya chuma cha kawaida. Kwahiyo kazi ya tanuru sio kuichoma ncha, tanuru linajaza akiba ya joto kwenye mwili wa donge. Ukilishika hilo mengine yote yanakuja yenyewe.

Tanuru lenyewe sio kitu cha ajabu. Ni kasha la bati nene, ndani limezungushiwa matofali yanayovumilia moto, chini au pembeni kuna bana ya gesi, yaani kichomeo, mbele kuna mdomo wa kuingizia vyuma na mbele ya mdomo kuna sehemu ya kuegesha ufito ili donge lielee ndani lisilale kwenye sakafu wala lisizibe tundu la bana. Kuna watu wanapasha kwenye bana tupu bila kasha, inawezekana, ila joto jingi linaondoka na upepo, gesi inaisha haraka na donge linapata moto upande mmoja. Matofali yakishapata moto yanarudisha joto kwa donge pande zote, hiyo ndo faida yake. Mi sakafuni napenda tofali zito lile gumu kwa sababu vyuma vinagonga gonga hapo kila saa, pembeni na juu naweka tofali jepesi la vinyweleo ambalo linapata moto haraka na halili gesi nyingi. Ukitumia ile sufi ya kauri ipake udongo wa moto juu yake, vumbi lake sio zuri kwa mapafu. Na mdomo usiwe mkubwa kama pango, utoshe vyuma viwili tu na upenyo wa hewa iliyoungua kutokea, basi.

Tuje kwenye moto. Unataka moto wa bluu, uliotulia, usio na ncha za njano. Njano maana yake hewa haitoshi na gesi haiungui yote, inaacha masizi kwenye shaba, na ncha yenye masizi haishiki lehemu hata ufanyeje. Ukifungua hewa sana nayo moto unanguruma, unaruka kutoka kwenye bana, na ile oksijeni iliyozidi inakula shaba yako, utaona magamba meusi yanabanduka. Mi nafungua hewa mpaka njano iishe kabisa, nazidisha kidogo alafu narudisha taratibu mpaka moto uache kunguruma, hapo ndo pake. Moto unakuwa laini lakini bado ni bluu.

Sasa hili naomba ulishike kuliko yote: pasha kisogo cha donge, usipashe ncha. Ingiza chuma kwa namna ambayo moto unapiga sehemu nene na ncha imepita kule ambako moto haufiki sawasawa, matanuru mengine yamejengwa kabisa ncha inatokeza upande wa pili. Ncha itapata moto wake kutoka mwilini, hiyo shaba kazi yake si ndo kupitisha joto? Ukiichoma ncha moja kwa moja unaunguza ule utando mwembamba wa lehemu unaopakwa kwenye ncha ili ishike, bati lililomo kwenye lehemu (madini ya bati, sio bati la paa) linazama ndani ya shaba na kutengeneza ngozi ngumu ya kijivu isiyoshika kitu, alafu vinatokea vishimo. Hapo utakaa na tupa unasawazisha ncha upya wakati kazi imesimama na donge lako linazidi kuwa fupi.

Swali ninaloulizwa sana ni utajuaje kimeiva. Angalia moto unaozunguka donge, shaba ikipata joto la kutosha kingo za moto zinaanza kuwa za kijani. Ikitokea hiyo kijani toa chuma, usisubiri izidi. Ukiona donge limeanza kuwa jekundu ushapitiliza mbali sana, shaba ikianza kung'aa wekundu tayari iko nyuzi 500 na kitu na utando wa lehemu haupo tena. Alafu jaribu kwa lehemu yenyewe, gusisha kwenye ncha, ikiyeyuka papo hapo ikatandaa inang'aa, enda kazini. Ikinata nata na kuvutika kama uji mzito, rudisha motoni. Ikijikunja vitone vitone na ncha ikabadilika rangi kuwa njano au zambarau, kimezidi, kishike pembeni kipoe kidogo. Kuna mafundi wa zamani wanakisogeza karibu na shavu wasikie joto, na wanapatia kweli, lakini mi simfundishi mtu hiyo, chuma kilichotoka kuchovywa kwenye dawa ya kulehemia, ile ya kusafishia, kinarusha matone na macho hayana spea.

Hapo hapo niseme kuhusu aina ya lehemu maana inabadilisha moto wako. Ile ya bati 60 na risasi 40 inaanza kuyeyuka nyuzi 183 na ikifika kama 190 imeyeyuka yote. Ya nusu kwa nusu inaanza hapo hapo 183 ila inamaliza kwenye kama 215, katikati hapo inakuwa tope, na wafanyakazi wa bati wanaipenda kwa sababu inakupa muda wa kuisukuma kwenye ungio refu. Isiyo na risasi, ile ya bati karibu lote na shaba asilimia 0.7, inayeyuka 227. Kwahiyo ukihamia isiyo na risasi lazima chuma kiwe cha moto zaidi na ncha itachakaa haraka zaidi, we kubali tu uwe unaipaka mara nyingi. Na chombo chochote cha maji ya kunywa au chakula usiguse ya risasi kabisa kabisa, hilo sio la kujadili.

Nirudi kwenye tanuru. Fanya kazi na vyuma viwili, vya uzito sawa. Kimoja mkononi kimoja motoni, unapokezanisha. Na hapa ndo napimia moto wangu, siangalii alama kwenye vali wala nini, naangalia mpokezano. Chuma cha mkononi kikianza kuchoka, lehemu inaanza kukokota nyuma ya ncha badala ya kutiririka, nageuka kuchukua cha pili, kile cha pili kiwe ndo kwanza kinaanza kile kijani. Nikikikuta bado, naongeza gesi kidogo au naangalia kama mdomo wa tanuru unavuja joto sana. Nikikikuta kimezidi, napunguza. Baada ya mizunguko michache moto na mkono vinakuwa na mwendo mmoja na huhitaji kugusa vali tena mpaka ubadilishe kazi. Bati likiwa nene zaidi unakaa muda mrefu kwenye ungio, chuma kinanyonywa zaidi, unarekebisha tena. Watu wanafungua gesi hadi mwisho wakidhani wanawahi, matokeo yake chuma kinaiva mapema, kinaungua kikisubiri zamu yake, nusu ya siku inaishia kwenye tupa. Moto wa wastani unaolingana na kasi yako unamaliza kazi mapema kuliko huo moto wa fujo.

Kuna matanuru yana mkono wa kuegeshea uliounganishwa na vali, ukiweka chuma uzito wake unafungua gesi, ukikitoa gesi inashuka inabaki kamoto kadogo tu ka kuwashia. Kama unachagua tanuru na hilo lipo, chukua hilo. Linabana matumizi na pia linapunguza joto usoni kwako ukiwa kwenye ungio.

Kusafisha ncha kila ikitoka motoni ni lazima, na ni haraka, chovya ncha tu mara moja kwenye maji yenye dawa kidogo ya kulehemia, chwaa, alafu gusa lehemu. Sio kuzamisha donge lote, utakuwa unaitupa ile akiba uliyoipasha. Ncha ikigoma kabisa isugue ikiwa ya moto kwenye kipande cha kloridi ya amoniamu pamoja na lehemu kidogo, inarudi inang'aa, ila moshi wake unakera koo kwahiyo fanya penye hewa. Ikigoma bado, ipige tupa mpaka uione shaba safi, alafu upake upya hapo hapo kabla haijapata giza. Na dawa za asidi au za kloridi ya zinki usiziweke karibu na bana, mvuke wake unakula vyuma, utashangaa vitundu vya bana vimeota kutu na moto umeanza kuwa wa njano bila sababu unayoiona.

Bati lililopakwa zinki nalo linataka heshima. Chuma chenye joto la kawaida la kulehemia hakina shida, zinki inayeyuka nyuzi 419, ila ukilipiga bati hilo moto wa tanuru au wa tochi moja kwa moja unaleta moshi mweupe wa zinki na huo unaleta homa kabisa, unatetemeka usiku mzima. Usiegeshe vipande vya bati mdomoni mwa tanuru kuvipasha joto.

Upande wa gesi sitarefusha lakini yasome. Gesi za mtungini ni propani na butani, propani ni nzito kama mara 1.5 ya hewa na butani ni mara 2, ikivuja inatambaa chini na kujikusanya, kwahiyo tanuru lisikae kwenye chumba cha chini ya ardhi wala karibu na shimo. Kuvuja kunatafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta, sio kwa kiberiti. Mtungi usimame wima, uwe mbali na joto la tanuru. Ukiwasha, kiberiti kinatangulia alafu gesi taratibu, uso na mkono visiwe mbele ya mdomo. Moto ukizimika wenyewe funga gesi, subiri kasha litoe gesi yote ndo uwashe tena, matofali ya moto yanaweza kuiwasha ghafla gesi iliyojaa ndani. Na dirisha liwe wazi hata kama kuna baridi, monoksidi ya kaboni ni gesi ya sumu, haina harufu na tanuru la mdomo mdogo linaweza kuitoa bila wewe kujua.

Baridi nayo ina mambo yake. Butani haigeuki kuwa mvuke vizuri baridi ikifika karibu na nyuzi 0, propani inaendelea mpaka -42. Hata kwenye joto, ukivuta gesi nyingi kwa muda mrefu kutoka mtungi mdogo, mtungi unapoa, unaweza kuota barafu nje na moto unaanza kunyong'onyea. Usije ukaupasha mtungi kwa moto wowote. Tumia mtungi mkubwa zaidi, basi.

Ukimaliza kazi funga kwanza kwenye mtungi, acha gesi iliyobaki kwenye mpira iungue mpaka moto ufe wenyewe, ndo ufunge vali ya bana. Vyuma vikiwa bado vya moto vipake lehemu nyingi kwenye ncha bila kuifuta, viache vipoe hivyo hivyo na koti lake. Kesho unapasha, unafuta mara moja kwa kitambaa, unaanza.