Ukiitwa mbele ya kamati ya Bunge: neno kwa maafisa wapya wa fedha

Ukiajiriwa kwenye idara ya fedha ya wizara hapa Kenya, jua kwamba siku moja utaketi nyuma ya katibu wa wizara mbele ya Kamati ya Hesabu za Umma, ile kamati ya wabunge inayochunguza matumizi ya fedha za serikali, na huenda swali likakuangukia wewe. Kifungu cha 125 cha Katiba kinaipa kamati uwezo kama wa Mahakama Kuu: kukuita, kukuapisha na kukulazimisha ulete hati. Ukikaidi mwito, sheria ya mwaka 2017 inairuhusu ikutoze faini isiyozidi shilingi 500,000.

Kiapo ni maneno machache tu. Ukishaapa, kila utakalotamka ni ushahidi, linaingia kwenye Hansadi (kumbukumbu rasmi za Bunge), na kudanganya ni kosa la jinai.

Hapo ndipo vijana wengi huponzwa na haraka. Mbunge anauliza hati za malipo ya mafuta ziko wapi; afisa, kwa kutaka kumwokoa bosi, anajibu, "Zipo ofisini, Mheshimiwa." Wakaguzi wa Mkaguzi Mkuu wamo humo humo chumbani, na wataulizwa kama waliziona. Usiseme zipo kama hujazishika kwa mkono wako. Sema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, sina uhakika, naomba muda nizilete," kisha uzilete kweli.

Wiki moja kabla, keti na ripoti ya ukaguzi, hoja moja baada ya nyingine. Kwa kila hoja weka pamoja vocha, oda ya ununuzi, stakabadhi na, kwa mafuta, daftari la safari za gari. Linganisha nambari za gari, lita na sahihi. Angalia tarehe hasa. Vocha yenye tarehe ya baada ya ukaguzi itazua maswali mazito kuliko vocha iliyokosekana, na mimi nasema wazi: ukiombwa utengeneze hati ya namna hiyo, kataa. Kifungu cha 226 cha Katiba kinamtwika hasara afisa aliyeidhinisha matumizi haramu, hata akiwa ameshaondoka kazini.

Jibu ulichoulizwa, kupitia kwa mwenyekiti. Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge, kwa hiyo kitumie ikiwa ndicho kinachokupa uhakika wa maneno yako.

Na ukitoka ukagundua ulitaja kiasi kisicho sahihi, mwambie bosi wako, kisha karani wa kamati aandikiwe siku hiyo hiyo, barua iambatane na hati yenye kiasi sahihi.